Karatasi ya Maji Iliyotoka Nyeupe

Maji ya Chai, Arusha
Jumatatu asubuhi, Septemba

Mdogo wangu Violet, Mama Hope,

Bwana Yesu asifiwe sana. Nakusalimu kwa upendo wa dada, na swali langu la kwanza ni afya yako. Kile kifua cha vumbi ulichonieleza kimepona? Na unakula? Nauliza kwa sababu wapishi ndio watu wanaolala na njaa. Wanaonja chakula cha wenzao mpaka hamu inawaisha. Usinidanganye. Na hao mafundi wa barabara unaowapikia huko Mpanda, wapunguzie chumvi, maana mkono wako naujua.

Sisi huku ni wazima kwa neema yake. Mlima umejifunika wiki nzima, baridi haijataka kuondoka, na migomba ya nyuma ya nyumba imeinamishwa na upepo lakini haikuanguka. Hope hajambo kabisa. Amenenepa, anatembea kwa kishindo kama mgambo, na ana tabia moja inayotuchekesha: akimwona mtu mzima anasema "marahaba" kabla mwenzake hajafungua mdomo. Juzi Mzee Aminiel, mwenyekiti wetu wa kamati ya maji, alimwambia kwamba heshima yake imeutangulia umri wake, na yeye akamjibu tena, "marahaba."

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu badala ya kukupigia. Simu yako inashika ukiwa umepanda juu ya kile kifusi, halafu inakatika katikati ya neno. Jambo hili halitaki kukatwa katikati. Linahusu maji, na linamhusu mtoto. Kwa hiyo kaa chini, Violet, usome mpaka mwisho kabla hujakasirika. Ukifika mwisho, kasirika ukipenda, haki yako.

Nianze mbali kidogo. Siku ulipomwacha Hope hapa mlangoni na kibegi chake hukuniachia maagizo mengi. Uliniambia neno moja: dada, mtoto wangu asiote meno yetu. Sijalisahau. Nakumbuka ile hoteli ya mjini, walivyokutoa mapokezi wakakurudisha jikoni, eti pale mbele panahitaji mtu wa kutabasamu. Ulinisimulia huku unacheka, na mimi nilijua kwamba kile si kicheko. Sisi watoto wa maji haya tumezoea meno ya kahawia tangu kwa babu. Tunataniana nayo wenyewe kwa wenyewe, hakuna anayenuna. Lakini ukitoka ukafika kwa watu, ndipo unapojua kwamba utani nao una kwao.

Basi, mwezi wa sita walikuja watu wa kupima maji. Kiongozi wao ni mama mmoja anaitwa Bi Agnela, Mchaga, mwembamba, anaongea polepole kama mtu anayehesabu mishono. Walichota maji kwenye vichupa kila mahali tunapochota sisi: visima, bomba, mto, na chemchemi ya Mkuyuni iliyo shambani kwa Tajeu. Walipomaliza akatukusanya kiwanja cha kanisa akatueleza habari ya yale madini yanayochoma meno, floraidi. Akasema kuchemsha hakuyaondoi. Akasema pia jambo ambalo mimi sikuwa nalijua na umri wangu huu wote, kwamba meno ya ukubwani yanatengenezwa ndani ya ufizi wakati mtoto bado anajifunza kutembea. Maji anayokunywa leo akiwa na miaka miwili ndiyo utakayoyaona mdomoni mwake akifika darasa la kwanza au la pili. Niliposikia hivyo nilimwangalia Hope aliyekuwa anakula udongo pembeni, nikasema kumbe kazi inafanyika humo ndani sasa hivi, wakati mimi nafikiri bado mapema.

Halafu akasema la tatu, na hapo watu wakaguna. Alisema macho hayasaidii. Maji yanaweza kuwa meupe kama machozi na yakabeba madini kuliko mto. Sasa wewe unatujua. Hapa kwetu maji tunayapima kwa rangi, na kijiji kimepewa jina kwa ajili hiyo. Yanayofanana na chai ni ya ng'ombe na matofali, meupe ni ya binadamu. Hilo tumezaliwa nalo. Tajeu alicheka kwa sauti akasema huyu mama amekuja kutufundisha kunywa tope.

Wakati tunasubiri majibu mimi nilikuwa namchotea Hope Bomba la Juu, kule karibu na msitu, kwa sababu Bi Agnela alisema maji ya kutoka juu mlimani mara nyingi huwa na unafuu. Njia unaijua, ni ya kuzunguka ukuta wote wa shamba la Tajeu ndipo uanze kupanda. Nilipanda. Wengine wachache pia walipanda, na waliobaki walikuwa wakituchekea.

Majibu yalipokuwa tayari waliyaweka kwenye mtandao, wakamtumia Mzee Aminiel linki. Yeye ana kitochi, simu ya vitufe isiyofungua mtandao, kwa hiyo akaja dukani kwangu, kwa sababu kutoka hapa mpaka Usa River nani mwingine ana steshenari inayofunguliwa saa moja asubuhi. Akaniamuru niufungue huo ukurasa, niusevu, nimtolee kopi za kubandika.

Hapa inabidi nikueleze desturi yangu ya kazi, kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Mimi karatasi za watu sisomi. Watu wananiletea majibu ya hospitali, barua za kuachana, kesi za mashamba, ndugu wanashitakiana na wote wawili wanakuja kutoa kopi kwangu, mmoja asubuhi mwingine jioni. Ningekuwa nasoma, ningekosa uso wa kusimama nao kwaya. Kwa hiyo naangalia pembe nne za karatasi, kwamba haijakatwa na haijapinda, basi. Watu wananiamini kwa hilo, na mimi nililiona kuwa ni sehemu ya utumishi wangu.

Niliufungua ukurasa. Niliona kuna visanduku vya rangi rangi, lakini ukurasa gani wa mtandao hauna rangi? Hata matangazo ya mbolea yamepambwa kama harusi. Nikausevu kama PDF nilivyozoea, maana mtandao wetu unaondoka bila kuaga na mtu anaweza kurudi kesho akitaka kopi nyingine. Nikaiprinti. Pembe nne zilikuwa sawa. Majina ya vyanzo vya maji yalisomeka vizuri, kila jina ndani ya kisanduku chake. Nikampa.

Mzee Aminiel alivaa miwani akasoma palepale kaunta. Chini ya karatasi walikuwa wameandika maelezo: kisanduku cha bluu, maji yanafaa, cha njano, watoto wasinywe, chekundu, mtu yeyote asinywe. Akapandisha macho akatafuta chekundu. Akashusha. Akatafuta tena kwa kidole, jina kwa jina. Visanduku vyote vilikuwa vyeupe. Mtu wa mahali pengine labda angeuliza, mbona na bluu haipo? Sisi hatukuuliza. Mzee alivua miwani, akaniambia kwa furaha kabisa kwamba hakuna chekundu hata kimoja, karatasi nyeupe, maji meupe, shetani ameaibika. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema amina.

Jumapili mwinjilisti aliisoma kwenye matangazo. Vigelegele vilipigwa. Tajeu alitoka kanisani siku hiyo akitembea kama bwana harusi, akipeana mikono na watu kana kwamba chemchemi ile aliichimba yeye. Sisi tuliokuwa tunapanda Bomba la Juu akatusimamisha mlangoni, akatuuliza kule mlimani tulikuwa tumemfuata Musa au tulikuwa tunatafuta mbao za amri. Tulicheka, tungefanya nini. Madumu yote yakarudi Mkuyuni. Maji yake unayakumbuka, matamu, ya baridi, meupe mpaka unaona kokoto chini.

Mambo yalikaa hivyo mpaka mwishoni mwa mwezi wa nane, alipopita Yiamat. Huyu humjui. Ni mfugaji wa upande wa magharibi wa mlima, mtu mzima kama mimi, anakuja kununua mbuzi mnadani, na kila akipita lazima achaji simu yake kwangu na anitanie. Mwenzangu huyu hana desturi yangu. Anasoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye katoni za sabuni. Akasimama mbele ya ile karatasi niliyokuwa nimeibandika mlangoni, akaisoma, akaanza kucheka. Akaniuliza, Mama Rodrick, hii karatasi yenu nani ameichinja? Mbona imeisha damu yote?

Nikamwambia asome vizuri, hayo ni majibu ya maji kutoka kwa wataalamu, si nyama ya mnadani. Akasema anayajua, kwa sababu watu wa Bi Agnela walipima na malambo ya kwao, na ukurasa huohuo umezunguka kwenye kundi la wafugaji. Akachomoa simu kwenye chaji, akaufungua, akaniwekea mbele ya macho.

Violet, Bomba la Juu lilikuwa bluu. Visima vilikuwa njano. Mto, huu mto wetu wa chai tunaoudharau, ulikuwa njano. Na Mkuyuni ilikuwa nyekundu, nyekundu kama shuka lililokuwa begani kwa Yiamat.

Nikakaa juu ya boksi la karatasi. Yiamat akaacha utani. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia amwite Mzee Aminiel, yuko pale kwa kinyozi, na amwambie aje hata kama amenyolewa upande mmoja.

Alikuja kweli na upande mmoja. Alipoona simu akasema dawa yake ni rahisi, nitoe penseli za rangi ninazouza, nipake chemchemi hii nyekundu na bomba hili bluu, tubandike upya, mambo yaishe. Nilikataa. Nikamwambia, mzee wangu, Mkuyuni iko shambani kwa Tajeu. Nikiipaka mimi nyekundu kwa mkono wangu, kesho kijiji chote kitasema Mama Rodrick ameichafua chemchemi ya mtu kwa wivu, na madumu hayatatoka pale hata dumu moja. Rangi lazima itoke kwenye karatasi yenyewe, vilevile walivyoiweka wenyewe. Yiamat akasema basi tupige picha ya kioo cha simu. Tukajaribu. Ukurasa ni mrefu, picha ikakamata nusu, na herufi zikawa kama siafu. Mzee akasema hakuna Mkristo atakayehamisha dumu lake kwa sababu ya picha ya simu ya muuza mbuzi. Yiamat akamjibu kwamba yeye naye hanyweshi mbuzi wake maji yaliyopimwa na mtu aliyenyolewa nusu.

Nikaanza kuutafuta ugonjwa. Kwanza niliushuku wino, maana katriji ya rangi ilikuwa inaelekea mwisho. Nikaweka mpya, nikaprinti tena: nyeupe. Nikasema labda printa imewekwa kutoa nyeusi tupu. Nikaangalia, imewekwa rangi. Nikachukua picha ya pasipoti ya mteja mmoja nikaitoa, dada wa watu akatoka na midomo yake myekundu kama alivyokuja. Printa ikawa haina kosa. Ndipo nikajiuliza, hiyo PDF yenyewe kabla sijaiprinti ikoje? Nikaifungua kwenye kompyuta. Nyeupe. Nikaituma kwenye simu ya Yiamat. Nyeupe. Ukurasa ulikuwa mzima wenye rangi zake, lakini PDF ilikuwa imezaliwa bila rangi. Kwa hiyo wino nilikuwa nimeusingizia bure. Rangi ilikuwa inapotelea njiani, pale ukurasa unapogeuzwa kuwa PDF.

Mzee Aminiel akaanza kuwalaumu wataalamu, kwamba wametega ukurasa ili tushindwe tuwaite tena. Nilitaka kukubaliana naye, ingenipunguzia mzigo. Lakini nilipokuwa naiangalia ile PDF niliona kitu. Nembo yao juu kabisa, ile yenye tone la maji, ilikuwa na rangi yake ya bluu. Picha imetoka na rangi, herufi zimetoka, kilichopotea ni ile rangi iliyotandikwa nyuma ya herufi tu, kama mtu aliyeiba shuka na kumwacha mgonjwa kitandani. Niliomba moyoni, Bwana nionyeshe, halafu nikarudi kwenye ukurasa nikabonyeza kuprinti, na lile dirisha lilipofunguka sikubonyeza haraka kama siku zote. Nikashuka chini kabisa, palipoandikwa More settings, yaani mipangilio zaidi, mahali ambapo huwa siendi. Pakafunguka visanduku vidogo vya kuweka tiki. Kimoja kiliandikwa Background graphics, yaani hayo mambo ya nyuma ya maandishi. Kilikuwa kitupu.

Nikaweka tiki. Rangi ziliingia zote kwa mara moja, kama taa za kanisani umeme unaporudi. Mzee Aminiel alipiga kofi kaunta. Yiamat akasema kwa Kimaasai kitu ambacho sikukielewa ila kilikuwa kizuri. Nikaisevu, nikaifungua PDF: ina rangi. Nikaprinti: ina rangi. Bluu ni bluu, nyekundu ni nyekundu. Mzee akainua karatasi juu akasema, kumbe tuliponzwa na mtandao!

Na mimi nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu kile kisanduku nilikuwa nakijua. Kuna wakati wino ulipanda sana, na wanafunzi wa chuo cha Makumira walikuwa wananiletea kurasa zilizopakwa nyeusi tii nyuma ya maandishi, mtu mmoja anaimaliza katriji. Mtoto wangu Rodrick alinielekeza kwa simu mahali pa kuzuia, na mimi nikaiondoa ile tiki kwa kidole changu mwenyewe. Kompyuta ikakumbuka. Mimi ndiye niliyesahau. Mtandao haukutuponza. Wataalamu hawakutega kitu. Alikuwa ni dada yako Anyesi, na ubahili wake wa wino, na hiyo desturi yake nzuri ya kutosoma.

Tulibandika karatasi mpya jioni hiyohiyo, lakini neno la Mzee Aminiel ndilo lililotembea: mtandao, mtandao. Na Tajeu akalidaka. Akasema kama mtandao ulikosea mara ya kwanza, nani anajua kama haujakosea mara ya pili? Watu wakabaki Mkuyuni. Niliwaona wakipita na madumu mbele ya duka langu, na kina mama wamebeba watoto mgongoni. Nikaona kwamba kunyamaza kwangu ndiko kunakowachotea maji.

Jumamosi nikaenda kwa mwinjilisti, nikamwomba nafasi kwenye matangazo. Akaniuliza ni habari ya kwaya? Nikamwambia ni habari ya dhambi, akanipa. Jumapili nilisimama mbele, Violet, na wewe unajua mimi mbele husimama nikiwa na wenzangu tisa wa sauti ya pili. Nikawaeleza yote, kisanduku, wino, tiki, na kwamba karatasi ya kwanza niliiharibu mimi, si mtandao wala si mtaalamu. Niliwaambia ile nyeupe haikumaanisha maji masafi, ilimaanisha hakuna jibu. Halafu bibi mmoja wa benchi la mbele, yule anayesinziaga, akasema kwa sauti: sisi meno yetu yamekwishaiva, mwanangu, usihangaike nasi, waangalie hao wadogo. Watu wakacheka, na kicheko kile kilinishika mkono kikanirudisha kwenye kiti.

Siku iliyofuata Tajeu alikuja dukani. Hakunisalimia. Akaniambia babu yake alikunywa Mkuyuni maisha yake yote akafa mzee na meno yake yote mdomoni. Nikamjibu kwa adabu kwamba ni kweli, na je, yalikuwa ya rangi gani? Akasema anataka kuona mwenyewe hicho kisanduku ninachokisingizia. Nikamgeuzia kompyuta, nikampa mausi mkononi, nikamwonyesha pa kubonyeza. Akaiondoa tiki, rangi zikaondoka. Akaiweka, zikarudi. Akaiondoa tena, akaiweka tena, akisogeza uso karibu kama anavizia kumkamata mtu. Kila zikirudi Mkuyuni ilirudi nyekundu. Mwisho akaweka mausi chini taratibu, akasema wajukuu wake ni saba. Akaondoka bila kuaga.

Kesho yake tulisikia panga. Tajeu na kijana wake wa kazi walikuwa wanakata ukuta wa michongoma, upande wa juu na upande wa chini, wakafungua njia katikati ya kahawa zake, moja kwa moja mpaka Bomba la Juu. Ile safari ya kuzunguka imebaki nusu. Mimi bado ananisalimia kwa kidevu tu, lakini njia ni pana, toroli inapita. Mzee Aminiel sasa anasema njia hiyo ni wazo la kamati. Mwache. Ameshamalizia na ule upande wa pili wa kichwa.

Hapo ndipo nilipotaka kuimalizia barua hii, mdogo wangu. Nimeisoma mpaka hapa nikaiona nzuri, ingekufurahisha. Lakini pale kanisani nilisema "watoto wetu." Sikusema Hope.

Mimi pia nilirudi Mkuyuni. Siku ileile ya vigelegele nilipita pale na dumu nikitoka kanisani, nikiwa na gauni la kwaya. Nilikuwa nimechoka kupanda, magoti yananiuma, na karatasi niliyoitoa mwenyewe ilikuwa imeniruhusu. Mwezi wa nane karibu wote Hope alikunywa maji yale. Uji wake niliyapikia yale. Akiomba maji usiku nilimpa yale, nikiyaona jinsi yalivyo meupe kwenye kikombe, nikimshukuru Mungu. Neno moja tu uliniachia, na mimi nikalivunja kwa kikombe.

Nilimpigia Bi Agnela nikamweleza kila kitu. Hakunigombeza. Akaniuliza umri wa mtoto na muda aliokunywa. Akasema meno hayaharibiwi na wiki chache, yanaharibiwa na mazoea ya miaka, na kwamba tumewahi. Nishike bomba lile na nisiliache. Nikamuuliza kama anaweza kuniapia. Akasema hapana, hakuna mtu anayeweza kuliapia jino ambalo halijatoka. Nilimheshimu kwa hilo, na mimi sitakuapia nisilolijua. Nina matumaini, Violet, tena makubwa, lakini ni matumaini, siyo cheti.

Na kuna jambo jingine niliona juzi, ambalo limenisumbua kuliko maji. Yiamat alikuwa ananichekesha dukani, na Hope akacheka naye. Akacheka huku amejiziba mdomo na kiganja. Meno yake ya utoto ni meupe kama maziwa, hana cha kuficha, lakini anajiziba, kwa sababu mimi ninavyocheka ndivyo ninavyofanya, na wewe pia, na mama alikuwa hivyohivyo. Nilikishika kile kiganja nikakishusha. Tangu siku hiyo nacheka mdomo wazi, mbele ya wateja, mbele ya wanafunzi, na meno yangu yote nje. Siku za kwanza niliona kama natembea barabarani bila viatu. Sasa nazoea. Mtoto akishika lolote kwangu, ashike na hili.

Dukani siku hizi nasoma. Nimewaambia wateja, asiyetaka nisome aseme, nitafumba macho, lakini asije kunilaumu karatasi ikitoka pungufu. Mpaka sasa hakuna aliyekataa.

Wanakwaya wanakusalimu, Mzee Aminiel anakusalimu, Rodrick alipiga simu jana naye anakusalimu sana. Barua hii nampa Hans wa basi, atakuachia pale stendi kwa yule mama wa chapati. Hope amechora mistari hapa chini kwa penseli nyekundu na ya bluu. Sijui ni nini, ila alitaka iende kwa mama. Bwana akulinde katika moto wa majiko hayo na akurudishe kwetu salama.

Sasa nakuomba neno lako. Ukisema Hope abaki kwangu, atabaki, na atakunywa Bomba la Juu hata nikipanda kwa magoti. Ukisema moyo wako umekataa, njoo umchukue. Nitamfungashia kibegi chake bila kinyongo na nitakusindikiza mpaka barabarani. Usiniandikie kwa kunihurumia, niandikie kama mama yake. Ila usikae kimya. Hans anarudi Alhamisi. Tafadhali, mdogo wangu, nijibu mapema.

Ni mimi dada yako,
Anyesi